Wadogo zangu wanataka kuuza shamba kwa sababu ya tembo, mimi sitaki

Shikamoo Mama.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, naishi kijiji kimoja chini ya milima ya Udzungwa, upande wa bonde la Kilombero. Ni kifungua mimba, nyuma yangu nina wadogo zangu wawili wa kiume. Mmoja ni bodaboda Ifakara, mwingine yuko Dar es Salaam. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi nyumbani na watoto wangu, nikawa nalima na wazazi. Baba alifariki mwaka jana.

Ametuachia ekari tisa. Sita ni majaruba ya mpunga. Tatu zilizobaki ni ukanda wa miti unaofuata kijito kinachotoka mlimani, na ukanda huo baba hakuufyeka maisha yake yote. Kuna mikuyu mikubwa, matete, na kivuli ambacho hata jua la Januari halikitoboi. Mbega wekundu hushuka hadi pale, na hondohondo ukiwasikia wanapita utadhani mtu anapepeta mchele hewani. Tembo wakitoka hifadhini hupita humo kwenda bondeni. Baba alikuwa anasema njia hiyo aliikuta, na babu naye aliikuta.

Msimu huu mpunga ulipoanza kushika maziwa, tembo madume waliingia usiku. Nilikuwa kwenye dungu na kijana wa jirani. Hatukuwaona, tuliwasikia: shina linang'olewa, linapigwapigwa mguuni ili tope lidondoke, halafu kutafuna. Tulipiga madebe, tukamulika tochi, hawakugeuka hata kichwa. Asubuhi karibu ekari mbili zilikuwa zimelala, kingo za majaruba zimebomoka, na kila unyayo umejaa maji kama beseni. Jirani yetu alipoteza karibu shamba lote.

Mama, mimi nipo kwenye kikundi cha wanawake wanaotunza vitalu vya miti ya asili na kupanda kandokando ya kijito. Maofisa wa wanyamapori wakija kijijini, mimi huenda kuwasikiliza. Kwa hiyo sasa wananiita Mama Tembo. Kisimani wananiambia, "Mama Tembo, wanao wametumaliza." Mke wa huyo jirani aliyepoteza shamba hanisalimii tena.

Mdogo wangu wa Ifakara ameleta mnunuzi. Anataka ekari zote tisa alime miwa, na miti yote itakatwa. Mdogo wangu anasema, "Sisi tulipokuwa wadogo hapa hapakuwa na tembo. Hawa wameletwa." Baba mdogo yuko upande wake, na ametamka mbele ya watu kwamba mwanamke aliyewahi kuolewa hana fungu kwenye ardhi ya baba yake. Wa Dar anasema atafuata watakachoamua wengi. Mama yetu yuko kimya.

Sitaki njia ile ifungwe. Nimeona miche niliyoipanda kwa mikono yangu ikinipita urefu. Lakini pia siwezi kuwaambia wanangu wale miti. Je, nina haki yoyote? Na kama nina haki, niwaambie nini ndugu zangu?

Mama Tembo, Kilombero

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba wa baba, na pole kwa shamba. Ekari mbili za mpunga uliokwisha kushika maziwa ni ada za shule na chakula cha miezi kadhaa, na mtu asikuambie kwamba hasara hiyo ni ndogo kwa kuwa aliyeila ni mnyama wa thamani.

Nimefanya kazi ya wanyamapori vijijini sehemu kubwa ya maisha yangu, nikilala kwenye madungu kama hilo lako. Jambo moja nililoliona kila mahali ni hili: njia ya tembo inabaki wazi pale ambapo mkulima aliye kando yake anavuna. Akikosa kuvuna msimu baada ya msimu, atauza, na anayenunua hana kumbukumbu yoyote ya mahali pale. Kwa hiyo ukikaa na wadogo zako usiwatetee tembo. Tetea mpunga, onyesha jinsi utakavyovunwa, na hapo utakuwa umewatetea tembo pia.

Nianze na haki yako, maana naona ndiyo inayokukosesha usingizi. Baba mdogo amekosea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi kwa sababu tu ni mwanamke ni batili. Pili, shamba la marehemu haliuzwi na mtu yeyote kabla hajapatikana msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina, mahakama ndiyo inayoteua. Mdogo wako kuleta mnunuzi leo ni kuuza asichokuwa nacho. Hata hivyo nakuonya: katika mirathi, mila zimewabana sana wanawake hata mahakamani, kwa hiyo usiende peke yako na hasira yako. Tafuta msaidizi wa kisheria wilayani kwenu, na uende na mama yako.

Na mama yako ndiye aliyenishtua. Umeniandikia barua ndefu, umeniambia alichosema kila mtu, hata mnunuzi, isipokuwa yeye. Ni mjane wa mwenye shamba. Ameishi na kijito hicho miaka mingi kuliko ninyi wote. Kabla ya kikao chochote, kaa naye jikoni au kitandani kwake usiku, umuulize anataka nini kifanyike na ardhi ya mumewe. Usimfundishe jibu. Inawezekana amechoka na anataka hela, na hilo nalo ni la kuheshimu na kulitafutia njia. Inawezekana anasubiri tu aulizwe.

Sasa mnunuzi. Kuna mambo mawili ambayo huenda hajaambiwa. La kwanza, ardhi ya kijiji haiuzwi kwa mtu wa nje kwa kuandikishiana tu na ndugu. Ni lazima Halmashauri ya Kijiji iridhie. Nenda ofisini kwa mtendaji uombe kuona mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji chenu, uangalie ramani, uone ukanda ule umeandikwa nini. La pili ni zito zaidi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto zinazoweza kuharibu mazingira yake. Pima hizo mita 60 kwa hatua zako, kila upande wa kijito. Sehemu kubwa ya zile ekari tatu huenda imo humo. Mtu anayehesabu miwa kwenye ekari tisa anahesabu ardhi ambayo sheria haimruhusu kuifyeka. Mwambie mdogo wako hilo kwa upole, kwa sababu mnunuzi akiligundua baada ya kulipa, atakayedaiwa ni yeye.

Nije kwenye maneno ya mdogo wako kwamba mlipokuwa wadogo hapakuwa na tembo. Usimwite mwongo. Anasema alichokiona. Ila alizaliwa wakati gani? Miaka ya 1970 na 1980 ujangili wa pembe uliwamaliza tembo nchi nzima, na waliobaki walijifunza kujificha mlimani na kuogopa watu. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku na nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1989. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992. Mtoto aliyekulia kijijini kwenu baada ya hapo alikulia katika miaka ya ukimya, akaamini kwamba ukimya ule ndiyo hali ya kawaida. Kisha likaja wimbi la pili la ujangili: sensa zilionyesha tembo 109,051 Tanzania mwaka 2009, na mwaka 2014 wakabaki 43,330. Hawa unaowasikia wakipigapiga mpunga miguuni ni waliopona na watoto wao. Hakuna aliyewaleta. Tembo anaweza kuishi miaka 60 na zaidi, na majike wazee ndio wanaoongoza familia kwenye njia walizopitishwa na mama zao. Baba yako aliikuta njia, ndugu yako alikuta imetulia, wewe umeikuta imeamka. Wote watatu mko sahihi, na ukimweleza hivyo mdogo wako atakusikiliza kuliko ukimwambia hajui kitu.

Kuhusu kufungwa kwa njia, huko kwenu si hofu ya kufikirika. Tembo wa Udzungwa walikuwa wakishuka na kuvuka bonde hadi upande wa Selous, ambako sehemu kubwa sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ikaja reli ya TAZARA, ikaja barabara, yakaja mashamba ya miwa na mpunga. Mwaka 2007 watafiti waliandika kwamba shoroba (njia za wanyama) za Ruipa na Nyanganje zilikuwa zinatoweka. Nawe unajua kwamba upande wa Mang'ula imebidi wanavijiji watenge ardhi upya na pito lijengwe chini ya barabara ili tembo wavuke. Kurudisha njia iliyofungwa kunahitaji wafadhili, fidia, vikao vya miaka na mashine. Ninyi mnayo ya kwenu, haijafungwa, na imetunzwa bure na mzee mmoja asiyekuwa na cheo chochote. Sijui kama kuna mtu kijijini aliyewahi kumshukuru. Mimi namshukuru.

Lakini shukrani hazijazi ghala, kwa hiyo tuzungumze mpunga.

Ninachokushauri ni uzio wa mizinga ya nyuki, uwekwe kati ya miti na majaruba, sambamba na kijito. Usikatize njia. Tembo apite kwenye miti yake, akigeukia mpunga akutane na nyuki. Mizinga hutundikwa kwenye nguzo, kila baada ya mita 10, ikiunganishwa kwa waya. Ili kupunguza gharama, mmoja unakuwa mzinga wa kweli, na unaofuata unakuwa ubao wa bandia wenye umbo lilelile. Tembo akisukuma waya, mizinga yote inayumba na nyuki wanatoka. Ngozi ya tembo ni nene, lakini kuzunguka macho na ndani ya mkonga ni laini, na akiumwa huko hasahau. Mwanasayansi Lucy King na wenzake wamefanya kazi hii miaka mingi na wakulima wa Sagalla, Kenya, kando ya Tsavo Mashariki. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba katika misimu mizuri ya mavuno, hadi asilimia 86 ya tembo waliokaribia mashamba yenye mizinga waligeuka. Mang'ula, jirani zako, nao wamewahi kuujenga. Nenda ukawaone kwa macho yako na uwaulize pia yaliyowashinda, maana hayo ndiyo hayaandikwi kwenye vipeperushi.

Nami nikuambie ninayoyajua. Mwaka wa ukame nyuki huhama na mizinga hubaki mitupu, kinga ikapungua. Hata Sagalla iliwatokea. Nyuki wanataka kivuli, maji karibu, na nguzo zipakwe grisi ili sisimizi wasipande. Usiku wa baridi nyuki ni wazito. Na yupo dume mmoja mmoja anayejifunza, atazunguka hadi apate pengo. Kwa hiyo mizinga pekee haitoshi. Kwenye mapengo funga kamba ya katani yenye vitambaa vilivyolowekwa oili chafu iliyochanganywa na pilipili kichaa iliyosagwa, na urudie kupaka kila mvua kubwa ikinyesha. Weka oili hiyo mbali na kijito. Upepo ukielekea wanakotokea, choma matofali makavu ya kinyesi cha tembo na pilipili. Moshi wake unawakera sana. Kwenye vipande vya juu visivyotuama maji, panda ufuta badala ya mahindi. Tembo hawaupendi, na una bei.

Kuhusu dungu: usilale peke yako na kijana mmoja. Muwe watu wazima wanne au zaidi, wenye tochi kali, na muwe na zamu ili mtu asisinzie. Mtu asishuke kumkimbiza tembo. Asimrushie moto wala mkuki. Tembo aliyejeruhiwa ataua mtu, na huenda siye aliyemjeruhi. Nimezika watu waliokufa hivyo, na kila mara marehemu alikuwa mtu hodari aliyedhani amemzoea tembo.

Hapa ndipo anapoingia yule mama asiyekusalimia. Ukiweka uzio kwenu peke yenu, tembo atakayegeuka ataingia kwake. Kisha wataacha kukuita Mama Tembo, watakuita jina baya zaidi. Uzio ni lazima uendelee kutoka mpaka wenu hadi wao, na hadi wa jirani anayefuata. Kwa hiyo nenda nyumbani kwake kabla hujaenda kwa mtu mwingine yeyote. Usiende na habari za uhifadhi. Nenda na pole, na debe la mpunga mliouokoa kama mnalo, umwambie unataka kujenga uzio nao na mizinga iliyo upande wao asali yake iwe yao. Kikundi chenu cha vitalu tayari kina daftari, mweka hazina na watu wanaoaminiana. Ongezeni mfuko wa hisa ndani yake, ili asali ikiuzwa sehemu iwe ya kukopeshana pale mtu anapopoteza shamba. Mume wa yule mama akiona kuna mahali pa kukopa magunia mawili bila kwenda kwa mlanguzi, atakuwa mlinzi wa uzio huo kuliko wewe.

Wakati huohuo, msaidie jirani huyo kudai kifuta jasho. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo hayo kwa wakulima walioharibiwa mazao na wanyama hatari. Si fidia ya hasara yote, na usimwahidi hivyo: kiwango kilihesabiwa kwa ekari, kisizidi ekari tano, na kilitegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Mashamba yaliyo ndani ya mita 500 kutoka mpakani hayakuhesabiwa kabisa. Ofisa wanyamapori wa wilaya atakwambia viwango vinavyotumika sasa. Muhimu ni kwamba taarifa ifike kwa mtendaji siku ileile, nyayo zikiwa bado mbichi, picha zipigwe kwa simu, na ofisa wa kilimo apime eneo. Wakulima wengi hukosa malipo kwa kuwa walitoa taarifa wakati wameshalima upya. Wewe unajua kuandika na unajuana na hao maofisa. Kazi hiyo ifanye kwa ajili ya kila aliyeharibiwa msimu huu, na ufuatilie mafaili yao hadi mwisho, hata yakikaa muda mrefu.

Kwa wadogo zako nenda na pendekezo, usiende na katazo. Mdogo wako wa Ifakara ana shida ya hela. Huwezi kumjibu kwa hondohondo. Ekari sita za majaruba zinaweza kugawanywa au kukodishwa kwa msimu, kila mtu akapata chake, na yeye akitaka kukodisha fungu lake kwa mkulima wa mpunga asizuiwe. Ekari tatu za miti zibaki za familia, zisigawanywe, na ziombewe hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina yenu wote pamoja na mama. Ukanda usiogawanywa ni mgumu kuuzwa na mtu mmoja mwenye haraka. Mizinga ya ndani ya miti iwe ya familia, na asali yake impatie mama kitu cha mkononi. Wa Dar anayesema atafuata wengi, mpigie mwenyewe, umsomee hesabu hizo kwenye simu. Watu wa aina yake mara nyingi hufuata aliyewapigia kwanza.

Umeniuliza kama una haki, na nimekujibu kwa sheria. Nikujibu pia kama mtu. Miche iliyokupita urefu kando ya maji, ambayo wewe ndiye uliyeimwagilia kiangazi, inakupa sauti kwenye kikao hicho hata kabla sheria haijafunguliwa. Sema ukiwa umekaa wima.

Ila fanya haraka. Kikao cha ukoo kiitishwe kabla mnunuzi hajatoa malipo ya awali. Mwandikie mtendaji wa kijiji barua sasa, umwambie kwamba shamba lile ni la mirathi na bado halina msimamizi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Mdogo wako akishapokea hela, hata kama mauziano ni batili, utakuwa hubishani tena na mtu anayetaka kuuza. Utakuwa unabishana na ndugu aliyekwisha kununua pikipiki mpya, ambaye hana cha kurudisha.